Tumbo la Kuazima

"Jogoo hamfundishi kuku kutaga."

Hayo yalikuwa maneno ya shemeji yangu Gideoni, mbele ya watu, kwenye mashine ya kukamua alizeti pale Kinampanda, siku aliposikia kwamba mimi, mwanamume mwenye mvi, ninataka kufundisha wanawake wajawazito kujipima wenyewe kwa ultrasaundi, tena kwa video ya simu. Watu walicheka mpaka mwenye mashine akaizima ili asipitwe na neno. Mmoja akauliza kama kazini nitavaa kitenge. Mwingine akasema kama madaktari husoma miaka mingi ndipo waguse tumbo la mtu, itakuwaje mama aweke jembe chini, atazame simu kidogo, kisha ajipime?

Tangu ujana wangu nimeambiwa sitaweza, na kila nilipoambiwa hivyo nimeweza. Siandiki haya kwa kujisifu tu, ingawa sababu za kujisifu ninazo. Ninawaandikia ninyi vijana mnaoingia katika kazi ya picha za tiba, mjue ilifanywaje kabla yenu, na mjue jambo moja ambalo hamtalikuta kwenye madaftari ya chuo.

Siku yangu ya kwanza kazini niliingizwa gizani. Ilikuwa hospitali ya Singida Mjini, na mimi nilikuwa mhudumu wa chumba cha giza, yaani chumba kisicho na dirisha ambamo filamu za eksirei zilioshwa kwa dawa kabla ya mashine za kompyuta kuja. Unaitumbukiza filamu kwenye dawa ya kwanza mpaka picha itoke, unaihamishia kwenye dawa ya pili ili picha isifutike, unaisuuza, unaianika kama nguo. Mwanga ukiingia kidogo tu, umeharibu mfupa wa mtu.

Mkuu wa Chumba cha Picha alikuwa mzee mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Kijana, unajua kusoma saa?"

"Shikamoo mzee. Najua."

"Marahaba. Sahau. Humu hakuna saa, utahesabu moyoni."

Filamu yangu ya kwanza niliitoa mapema. Akaiinua kwenye taa, akatazama, akaishusha, akanitazama mimi. "Picha haina haraka. Mwenye haraka ni wewe. Una miguu ya mbuzi." Kisha akaniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Usimwambie mtu ulichokiona mpaka uwe umekiona mara mbili."

Miguu ya mbuzi ilinitoa Singida ikanipeleka Dar es Salaam. Huko mchana nilisukuma machela, jioni nikakaa darasani na watoto wa watu wenye magari. Nikapata stashahada ya picha za tiba. Wawili kati ya wale wa magari walishindwa mtihani, mimi nikafaulu. Stashahada hiyo nimeitundika sebuleni mkabala na mlango, ili anayeingia aanze kusalimiana na hiyo.

Ultrasaundi zilipoanza kuenea nilikuwa chini ya Daktari Bingwa wa Mionzi, mtu mkali asiyependa maneno mengi. Alinieleza mashine ile kwa njia ambayo mimi mtoto wa Iramba niliielewa mara moja. Ukisimama mbele ya majabali ya kwetu ukapiga ukelele, sauti yako inakurudia. Kipimo, yaani kile kishikwacho mkononi na kupitishwa tumboni, nacho hupiga ukelele ambao sikio halisikii, na mashine huchora kile kinachorudi. Mfupa hurudisha sauti yote, kwa hiyo huonekana mweupe. Maji hayarudishi kitu, huonekana meusi. Nyama ni kijivu.

"Lakini mashine ni kipofu," alisema Daktari Bingwa. "Mkono wako ndio fimbo yake. Mkono ukitangatanga, kipofu anatumbukia shimoni."

Kutoka hapo nikapelekwa Tabora, kisha Mbeya, kisha nikarudi Dar kuwa msimamizi wa kitengo. Nilifanya kazi chini ya Waganga Wafawidhi wa kila aina: mpole, mlevi wa mikutano, mmoja aliyeamini hakuna kifaa kisichopona kwa kuzimwa na kuwashwa tena. Wote niliwazidi mkono, na wawili walikiri.

Kisha nikastaafu, nikarudi Kinampanda, nikajenga, nikashindwa kukaa. Mke wangu, Mama Daudi, alikuwa akisema, "Viti vya nyumba hii vinakulilia." Nilikunywa chai nimesimama. Nilitembelea watu, wakanivutia kigoda, nikasema nina haraka, na mahali pa kwenda sikuwa napo.

Hivyo Mratibu wa mradi mmoja wa afya ya uzazi aliponipigia simu kutoka Dodoma, alinikuta nimekwisha vaa viatu.

Mradi ulikuwa na vipimo vidogo vya mkononi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, vinavyochomekwa kwenye simu. Nia ilikuwa mama anayeishi mbali ajipime nyumbani, simu irekodi picha, picha itumwe kwa nesi, na nesi asome akisaidiwa na mtaalamu. Kujipima si kujitibu, na kliniki haiachwi. Ni kuwahi kujua jambo wakati barabara bado inapitika. Kilichokosekana ni mwalimu wa kutengeneza video.

"Mvua zikianza kabla akina mama hawajaweza," Mratibu alisema, "vipimo vinahamia mkoa mwingine. Utaweza, mzee?"

Nilimjibu kwamba aulize Dar, Tabora na Mbeya. Lakini sababu yangu ya kweli sikumwambia. Mwanangu Daudi ni mfuga nyuki, ameweka mizinga yake Rungwa, huko mwisho kabisa kwenye pori la akiba. Mkewe, Neema, alipoteza mtoto wao wa kwanza. Mtoto alilala kukingama tumboni, hakuna aliyejua, uchungu ukaanza mvua ikiwa imekata barabara. Walipofika hospitali aliyeokolewa ni mama peke yake. Sasa Neema alikuwa mjamzito tena, Rungwa ni ileile, na mvua ni zilezile. Nilitaka kipimo kimoja kiende kwake.

Na mimi, mwenye mkono uliowazidi Waganga Wafawidhi, sikuweza kumpima. Neema ni mkamwana wangu. Akinisalimia hupiga goti na kutazama pembeni. Hakuna stashahada inayomruhusu baba mkwe kutazama tumbo la mke wa mwanawe. Video ndiyo iliyokuwa mkono wangu pekee unaoweza kufika pale bila aibu.

Video ya kwanza niliitengeneza kwa tumbo langu mwenyewe. Mke wangu alipokataa hata kushika simu, niliiegemeza kwenye birika, nikavua shati, nikajipaka jeli, ule uteute unaoziba hewa kati ya kipimo na ngozi ili sauti ipite. Nikafundisha vizuri sana. Sauti yangu ni nzuri, watu wamewahi kuniambia.

Nesi Salome wa zahanati yetu akawaonyesha akina mama wa kliniki, kisha akawapa kipimo wajaribu mmoja mmoja nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa nje nazunguka zahanati. Mara nikasikia mama mmoja akipiga vigelegele.

"Nimemwona! Nimemwona mtoto! Mweusi tii!"

"Mama," nikamsikia Salome, "huo ni mkojo."

Ndivyo ilivyokuwa kwa wote. Mimi sina mfuko wa uzazi. Kitu kikubwa nilichoonyesha kwenye video ni kibofu changu kilichojaa chai, na wao wakaenda kutafuta kilekile. Tena nilijirekodi nikiwatazama, kwa hiyo niliposogeza kipimo upande huu, wao walisogeza upande ule. Gideoni alinisubiri njiani.

"Shemeji, nasikia tumbo lako limezunguka kijiji kizima na mtoto hajaonekana."

"Bado miezi haijatimia," nikamwambia, nikapita. Lakini nyumbani sikula.

Lilihitajika tumbo la kweli lenye mtoto wa kweli. Na hapo ndipo kazi ilipokwama. Kwetu mimba haitangazwi. Mwanamke huificha chini ya khanga mpaka haifichiki, na hata hapo watu hujifanya hawaoni. Sasa nani akubali tumbo lake liwe kwenye simu za watu wasiomjua? Salome aliwauliza akina mama wa kliniki, Wakristo kwa Waislamu. Kila mmoja alimtaja mwenzake. Wiki zikapita. Upande wa mashariki mawingu yakaanza kujikusanya kila alasiri na kutawanyika, na kila yalipojikusanya nilitoka nje kuyatazama kama mtu anayedaiwa.

Aliyekuja ni Mwanahawa, mke wa kijana wa bodaboda, binti mwenye mdomo mwepesi na mimba ya pili. Alikuja na mumewe, akakaa kwenye ngazi ya baraza. Mimi nilisimama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu."

"Kaa basi, babu, unanitia kizunguzungu."

"Nasikiliza vizuri nikiwa nimesimama. Sema."

"Nasikia unatafuta tumbo."

Mumewe akaangalia pikipiki yake. Nikasema ndiyo, ninalitafuta.

"Mimi nitakuazima. Umesikia? Nakuazima, sijakupa. Mtoto wangu akishazaliwa salama, unarudisha."

"Tumbo linarudishwaje, Mwanahawa?"

"Unafuta. Kwenye kila simu. Sitaki mwanangu awe anacheza nje na kivuli chake cha tumboni bado kinatembea kwenye mifuko ya watu. Uso wangu usionekane, jina langu usiseme. Na ukimaliza, ufute."

"Video nzuri inaweza kufundisha watu miaka na miaka," nikamwambia.

"Basi katafute tumbo la miaka na miaka." Akaanza kuinuka.

Nikasema nimekubali. Akanitaka niape mbele ya mumewe na mbele ya Mama Daudi, nikaapa.

Safari hii nilifanya kazi kama fundi. Kwaya ya usharika ilinipa stendi yao ya maikrofoni. Bwana Hamisi, anayechaji simu za watu dukani kwake, akanipa betri ya sola. Pazia nililishusha mlangoni kwa Mama Daudi bila kumuuliza. Stendi nikaipanga nyuma ya bega la Mwanahawa, simu ikachungulia kutoka juu, kiasi kwamba ilichokiona ni kile anachokiona mama akiinamisha macho kutazama tumbo lake. Kulia kwake kukawa kulia kwa mtazamaji. Kumbukeni hilo, vijana: anayejifunza hawezi kugeuza picha kichwani huku mkono unafanya kazi. Mpe macho yake mwenyewe.

Mwanahawa alijipima kwa mkono wake, Salome kando yake. Mimi nilikaa ng'ambo ya pazia na simu ya pili iliyoonyesha picha ya ndani tu, nikielekeza kwa sauti. Nimesema nilikaa, nilisimama.

Nilifundisha kwa vitu vya nyumbani. Tumbo ni shamba la viazi, na kipimo kinapita kama anayepalilia: tuta kwa tuta, kutoka chini kwenda juu, bila kuruka tuta na bila kukimbia. Ukimaliza matuta ya kusimama, unapita matuta ya kulala. Kuhusu ule weusi, nikawaambia kwamba tumbo la mjamzito ni kama mji wa Singida, lina maziwa mawili. Dogo, lililo chini kabisa karibu na mfupa wa kinena, ni Kindai. Hilo ni kibofu, halina kitu ndani yake, likikusumbua nenda kakojoe. Kubwa ni Singidani, na ndani yake kuna kitu kinacheza. Humo tafuta duara jeupe, ndicho kichwa cha mtoto. Tafuta kinachopwita kama jicho linalokonyeza, ndio moyo.

"Babu," Mwanahawa akaita kutoka upande wa pili, "huyu anakonyeza kweli!"

Sauti yake niliikata baadaye kwenye video. Mwishoni nikaweka jina langu, na chini yake, stashahada.

Akina mama wa kliniki walipoiona hiyo, walijipima. Wa kwanza alipata kichwa, wa pili akapata moyo, wa tatu akamfundisha wa nne bila kutusubiri. Salome alitoka nje kuniambia, akakuta nimekwisha fika kwenye mashine ya alizeti kumwambia Gideoni.

Vipimo vikagawiwa, kila kimoja na simu yake yenye video. Vitatu vikaenda Rungwa, kimoja kwa Neema. Salome na mimi tukaweka utaratibu ambao hatukuuandika wala kuusema wazi. Picha zote zilikwenda kwake. Za Rungwa akihitaji jicho langu, aliniita nitazame "mgonjwa wa Rungwa", bila jina. Wagonjwa wa Rungwa walikuwa watatu. Sikuuliza ni yupi, yeye hakusema, na heshima ya ukwe ikabaki mahali pake.

Mwanzoni picha zilikuja safi. Mkono wa mmoja wao ulikuwa wa ajabu, taratibu, tuta kwa tuta, hauruki. Nilijivuna moyoni bila kusema kwa nini. Kisha, mawingu yalipoanza kukaa juu mpaka jioni, picha za mkono huo zikaanza kufifia, kama kioo cha gari kilichopakwa tope. Safari iliyofuata nusu ya picha ilikuwa kiza kitupu.

Salome alipiga simu Rungwa mara nyingi kabla ya kumpata. Alipompata, aliweka sauti kubwa nami nikasogea dirishani, nikageuka kutazama nje.

"Dada, jeli unapaka?"

"Jeli iliisha, nesi. Natumia mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya alizeti. Masafi kabisa, ametuletea baba mwenyewe kutoka Kinampanda."

Nani mwingine angefanya kosa hilo isipokuwa mtu wa Singida? Kwetu mafuta ya alizeti hupakwa chunguni, ngozini na kwenye bawaba za mlango. Jeli inateleza, mafuta yanateleza; mtu mwenye akili angefikiri hivyohivyo. Lakini uso wa kipimo ni mpira laini, na mafuta huula mpira taratibu, ukavimba, ukaachana na kilicho nyuma yake. Hapo sauti haipiti. Na kipimo kingine cha kumpelekea hatukuwa nacho.

Nilijua dawa, kwa sababu nilikwisha kaa vituo ambavyo jeli ilikuwa ndoto. Nilikwenda nyumbani, nikachukua unga wa muhogo, nikapika uji mwepesi, nikauchuja kwa kitambaa safi, nikaupoza, nikajipaka tumboni na kujipima. Kindai yangu ikaonekana wazi kabisa. Tumbo langu, lililochekwa na kijiji, safari hii lilifanya kazi yake. Nikarekodi sauti kwa wote wa Rungwa, bila kumtaja mtu: futeni mafuta kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, msiyatumie tena, pikeni uji wa muhogo kila siku mpya, uchujwe, upoe, na ambaye kipimo chake kimepofuka nusu, atumie nusu nzima, matuta ayafanye membamba mara mbili, na asiharakishe.

Halafu nikasubiri, nisiyejua kusubiri. Nilizunguka zahanati mpaka nikachora njia kwenye majani. Mama Daudi aliniletea kigoda, akakiacha pale, akakirudisha.

Alasiri moja Salome akatokea mlangoni.

"Mwalimu, njoo umtazame mgonjwa wa Rungwa."

Nusu ya picha ilikuwa kiza. Nusu nyingine ilipita matuta membamba, polepole mno. Chini, mahali kichwa kinapotakiwa kuwa mwezi ule, hapakuwa na kitu. Kwenye matuta ya kulala, pembeni kabisa ya tumbo, duara jeupe likajitokeza. Mtoto alikuwa amelala kukingama, kama mtu anayelala kitandani kwa upana. Vilevile kama wa kwanza.

Kila kilichomo ndani yangu kilitaka kukimbia. Nje ngurumo ilikuwa imeanza. Salome akaniuliza, "Nimpigie?"

Nikamkumbuka yule mzee wa miwani ya uzi. "Mwambie akojoe, apime tena. Tuone mara mbili."

"Mwalimu, mvua hiyo."

"Mara mbili, Salome. Kwa nusu kipimo naweza kuona uongo, nikamtoa mtu kwake bure, na kesho hakuna mama atakayetuamini."

Ule muda wa kungoja picha ya pili ndio mrefu kuliko huduma yangu yote. Ikaja. Duara palepale. Na katikati, katika ile nusu iliyobaki na macho, moyo ukikonyeza, ukikonyeza.

Salome akampigia Daudi, si Neema, naye hakuuliza maswali. Aliwapandisha mkewe na dada wa mkewe kwenye lori lililokuwa likipeleka asali Itigi, na kutoka Itigi wakapata gari la mjini. Mvua ya Rungwa ilinyesha nyuma yao. Walipofika Singida Mjini, Neema akapokelewa kwenye nyumba ya akina mama ya kusubiria kujifungua, kando ya hospitali. Mtaalamu wa pale akampima kwa mashine kubwa na kusema neno lilelile tulilosema sisi kwa uji wa muhogo. Siku zake zilipotimia, mtoto akiwa bado amekingama, akafanyiwa upasuaji. Msichana. Mimi nilikuwa nje ya lango natembea kati ya bodaboda. Daudi alipotoka sikumwelewa mara ya kwanza, ikabidi aseme tena: "Baba, wote wawili. Wote wawili."

Gideoni alikuja kumwona mtoto, akamtazama sana, akasema, "Haya. Jogoo ametaga." Nikampa soda mbili.

Mratibu naye akaja kutoka Dodoma na habari ya kunipendeza. Wakubwa wameiona kazi, wanataka video ile ionyeshwe makao makuu, kisha ipelekwe mikoa mingine, na jina langu palepale mwisho. Usiku sikulala kwa furaha. Nilikwisha chagua koti. Ndipo asubuhi nikamwona mume wa Mwanahawa akipita na pikipiki, amebeba bunda la khanga mpya. Mkewe alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kiume. Alinipungia mkono, akapita.

Siku hiyo na iliyofuata nilizunguka na kile kiapo kichwani. Mwanahawa na mumewe hawakunikumbusha. Gideoni, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa upande wangu, alisema, "Shemeji, nani atajua?" Na kweli, simu zilikuwa mikononi mwa watu wangu, faili lilikuwa kubwa mno kupita kwenye mtandao wetu, halikuwahi kutumwa popote. Ningelipeleka Dodoma mwenyewe, mfukoni.

Nikampigia Mratibu.

"Mzee, hiyo video ni mali ya mradi," alisema.

"Sauti ni yangu, simu ni za mradi. Tumbo ni la watu. Tuliazima."

"Tuliazima wapi? Hakuna makubaliano kama hayo."

"Niliyakubali mimi. Kwa kiapo."

"Na hao wa mikoa mingine watajifunzaje?"

"Wapelekeni akina mama waliokwisha jifunza. Na tumbo lingine mtaomba mpewe vilevile, kwa heshima. Safari hii litapatikana. Sasa wameona mtoto."

Akakata simu. Sikuitwa makao makuu. Koti bado lipo.

Nikaanza kulipa. Stendi niliirudishia kwaya, skrubu iliyolegea nimeikaza. Betri ya Bwana Hamisi niliirudisha imejaa. Pazia la Mama Daudi nililifua mwenyewe kabla ya kulitundika, akaniuliza kama ninaumwa. Kisha nikakusanya simu moja baada ya nyingine, nikifuta. Barabara ilipokauka nikaenda mpaka Rungwa. Daudi aliniletea simu ya nyumba yake. Neema alipiga goti kwa mbali, mtoto mgongoni. Nikafuta, nikasema kazi imekwisha. Akasema, "Asante, baba." Hilo tu, na sisi wawili tulijua ni la nini.

Simu ya mwisho nikaipeleka kwa Mwanahawa. Alikuwa uani ananyonyesha.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nimekuja kurudisha."

Nadhani hakutegemea. Akasema, "Kabla hujafuta, nionyeshe. Mimi mwenyewe sijawahi kuiona."

Tukaitazama yote. Mkono wake ukipita tuta kwa tuta, Kindai, Singidani, duara jeupe, moyo ukikonyeza, na sauti yangu kutoka nyuma ya pazia. Naweza kusema bila aibu kwamba ile ndiyo kazi bora ya maisha yangu. Mwishoni jina langu likatokea.

"Na jina lako litafutika," akasema.

"Litafutika."

Akaushika mkono mdogo wa mtoto, akakiminya kidole kimoja juu ya kioo. Simu ikauliza kama tuna hakika. Akabonyeza tena. Pakabaki weusi, kama maji.

"Umelipa, babu," akasema, akanisogezea kigoda kwa mguu. "Leo pia una haraka?"

Nikakaa.